Nilimkuta Madenge kwenye karanga za mia mbili!

Mpenzi msomaji, kuna mambo ukiyaona kwa macho yako unabaki umeshika kiuno. Mimi yalinikuta Kasulu mjini, mwezi Novemba mwaka jana, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimekolea.

Nilitoka Kibondo alfajiri na mapema, nikashuka stendi ya Kasulu na njaa yangu. Kasichana ka miaka tisa hivi kakapita na sinia la karanga za kukaanga. Nikatoa mia mbili, nikapewa karanga zangu kwenye karatasi iliyosokotwa vizuri, chini imechongoka, juu imefumbuka. Nikawa natafuna taratibu huku naangaza bodaboda. Zilipobaki tatu nne kule chini nikaikunjua karatasi ili nisipoteze hata moja.

Ndugu yangu, unadhani nilimkuta nani humo ndani? Madenge!

Ndiyo, Madenge yule yule, mtoto mtundu wa gazeti la katuni la Sani. Kichwa kimekatwa nusu, chumvi imemjaa usoni, lakini bado anacheka kama aliyetoka kuvunja dirisha la mtu. Hapo mtu mwingine angecheka, akatupa karatasi, akaenda zake. Mimi miguu iliisha nguvu. Pembeni ya ukurasa kulikuwa na maandishi ya peni ya bluu, mwandiko wa kulalia upande mmoja: "Kigoma stesheni, 1985."

Ule mwandiko naujua. Ni wa marehemu mjomba wangu.

"We mtoto, karatasi hizi mmezitoa wapi?" nikauliza, sauti nimeipandisha bila kujua.

"Kwa bibi," akajibu huku akirudi nyuma kidogo. "Kule Mwilamvya."

Bibi wa Mwilamvya! Huyo si mwingine bali ni mkaza mjomba wangu, na kasichana kenyewe ni mjukuu wake. Mara ya mwisho nilikaona kakiwa hakajaota hata meno ya mbele. Lakini kabla sijakupeleka Mwilamvya ukashuhudie moto uliowaka, ngoja kwanza nikupe habari za sanduku.

SANDUKU LA UTINGO

Mjomba alikuwa utingo. Miaka ya 1980 alifanya kazi kwenye lori lililokuwa likipeleka maharage kutoka Kasulu hadi stesheni ya reli pale Kigoma. Enzi hizo barabara yetu siyo ya lami kama leo. Masika ikifika, lori linalala njiani siku mbili, utingo ndiye anayechimba matope na ndiye anayelala juu ya magunia. Dereva akipata fedha ya ziada anakwenda kwenye bia. Mjomba yeye alikwenda kwa vijana wauza magazeti, akanunua Sani.

Kwa wale mliozaliwa juzi kama mimi, Sani lilikuwa gazeti la katuni lililoanzishwa Dar es Salaam na Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo. Jina lenyewe limetokana na majina yao: "Sa" ya Saidi, "Ni" ya Nico. Ndani yake waliishi watu ambao Watanzania wa umri fulani wanawajua kuliko wanavyowajua majirani zao: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Dr. Love Pimbi na huyo Madenge wangu wa kwenye karanga. Mpaka leo mtu mfupi anayependa sana akina dada anaitwa Pimbi, na anayemwita hivyo huenda hajawahi kuiona Sani hata siku moja.

Mkono uliowapa uhai wengi wa hao ulikuwa wa kijana mmoja, Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, bado mbichi kabisa. Wachoraji wengine waliwaendeleza watu wake, ndiyo maana hawakuzikwa naye. Lakini wajuzi wanakwambia kwamba mstari wa Ndunguru unajulikana tu. Na ule wa 1985 niliokuwa nimeushika stendi, wenye chumvi, ulichorwa akiwa hai.

Mjomba hakuwa mtu wa kusoma na kutupa. Kila nakala aliandika pembeni mahali alipoinunua na mwaka. Akirudi nyumbani anaiweka kwenye sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, kisha anaiandika kwenye daftari. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mjomba linaonyesha nakala 143. Siyo Sani tupu. Humo kuna Tabasamu, kuna Kingo la James Gayo, na kuna vipande vya Chakubanga alivyovikata kwenye gazeti la Uhuru, yule Chakubanga wa Christian Gregory aliyewachekesha wazee wetu huku akiwachoma.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala kifudifudi mbele ya sanduku hilo. Shuleni tulisoma "baba analima, mama anapika." Kwa mjomba nikasoma watu wakidanganyana, wakikopana na kukimbiana. Unadhani kipi kilimfanya mtoto apende kusoma? Kidato cha nne nilimaliza na matokeo yangu ya kuombea maji, lakini kalamu hii unayoisoma leo ilianzia pale.

KITABU CHA MZUNGU

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kitu cha ajabu. Kitabu kikubwa, jalada gumu, karatasi nene zinazong'aa, Kiingereza kitupu. Hiki mjomba hakukinunua. Babu alikuwa mpishi wa wamisionari wa Kianglikana kutoka Australia, na familia moja ilipokuwa inafunga mizigo kurudi kwao iligawa vyombo. Mwenzake akapata sufuria. Babu akapata Eagle Annual.

Kwa Waingereza, gazeti la katuni la watoto hutoka kila wiki, na karibu na Krismasi hutolewa kitabu kimoja kinene cha mwaka, ndiyo zawadi ya mtoto. Eagle ilianza tarehe 14 Aprili 1950, na mwanzilishi wake alikuwa kasisi wa Kianglikana, Marcus Morris. Mchungaji mzima anaanzisha gazeti la katuni! Alichukizwa na vitabu vya picha vya kutisha vilivyokuwa vinaingia kutoka Marekani, akaona kulalamika mimbarini hakutoshi, bora awape watoto kitu kizuri zaidi. Akampata mchoraji Frank Hampson, wakamleta Dan Dare, rubani wa anga za juu anayepambana na Mekon, kiumbe wa kijani mwenye kichwa kama boga la Disemba.

Kiingereza chenyewe sikukijua, lakini kulikuwa na picha za mashine zilizopasuliwa ubavu ili uone matumbo yake. Kichwa cha treni nilikijua ndani nje, moto unakaa wapi, mvuke unapita wapi, miaka mingi kabla sijaiona treni kwa macho pale Kigoma.

Waingereza wana magazeti mengine mawili ambayo ni kama ugali na maharage yao: The Dandy, iliyoanza tarehe 4 Desemba 1937, na The Beano, iliyofuata tarehe 30 Julai 1938. Yote mawili yalitoka kampuni moja, D.C. Thomson, katika mji wa Dundee kule Uskoti. Beano ina mtoto wao mtundu, Dennis, aliyeanza mwaka 1951. Kwa tabia, yeye na Madenge wangepangwa dawati moja, mwalimu angeacha kazi. Beano inatoka mpaka leo. Dandy iliacha kuchapishwa kila wiki mwaka 2012, siku ile ile ilipotimiza miaka 75.

Sasa shika kiti. Mwaka 2004 nakala moja ya toleo la kwanza la Dandy, ikiwa bado na kifilimbi chake kilichotolewa kama zawadi kwa wasomaji, iliuzwa mnadani kwa pauni 20,350. Kwa fedha yetu ya leo ni zaidi ya shilingi milioni 50. Gazeti lililouzwa peni mbili!

KIJIWENI KIBONDO

Habari hiyo ya milioni 50 niliipeleka mwenyewe kijiweni kwetu Kibondo, na ndiyo iliyonifanya nipande basi kwenda Kasulu.

Tuna kijiwe chetu karibu na fundi redio. Jumamosi jioni tunakaa pale watu sita saba, kila mmoja na kitabu chake cha katuni chini ya kwapa, au na kumbukumbu tu. Fundi mwenyewe ni mtu wa Lodi Lofa. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayetembea na Abunuwasi ya Gado, iliyotolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996, kwa Kiswahili safi, na haazimishi mtu. Kuna mzee wa mbao ambaye kwake katuni zote ni za watoto. Yeye ni wa Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara wa miaka ile ya 1960 na 1970, aliyepigwa picha za kamera badala ya kuchorwa. Na kuna jamaa yetu mmoja Mkongomani, aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Yeye anatucheka wote. Anasema kwao katuni za vitabu zinaitwa bede na zinaheshimiwa kama muziki, kisha anamtaja Barly Baruti wa Kisangani mpaka tunamwambia anywe chai.

Ubishi wetu mkubwa ni huu: je, Sani ilikuwa ya watoto? Mzee wa mbao anasema hapana, Pimbi na vimwana wake walikuwa wanaharibu watoto. Fundi anasema mtoto hakuona vimwana, aliona mtu mfupi anaanguka. Mimi niko katikati. Siyo siri, kuna kurasa mjomba alizibana na pini za nguo na kunikataza kuzifungua. Nilizifungua. Nimekua, na sijawa Pimbi.

Basi siku hiyo nilipotaja pauni, kijiwe kililipuka. "Kijana, umelalia mali!" fundi akapiga kelele. "Nenda Kasulu kachukue sanduku!" Wakaanza kunigawia fedha ambazo sijazipata: kiwanja, bodaboda mbili, mchango wa kijiwe.

Aliyetutuliza ni mwalimu mstaafu mmoja, mzee wa maneno machache.

"Mmejiuliza kwa nini hiyo Dandy ina bei?" akasema. "Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya karatasi. Dandy na Beano zikawa zinapishana, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Watoto wakaambiwa watoe karatasi zao kuukuu zikasagwe zitumike vitani. Wakatoa katuni zao. Hiyo iliyobaki ni ghali kwa sababu wenzake waliuawa. Sasa ninyi za kwenu ziko wapi?"

Kimya. Kisha mzee akajikuna kichwa, akatoa siri iliyotuvunja mbavu.

"Mimi ninazo 31," akasema. "Nilikuwa mwalimu wa nidhamu. Miaka ile kila niliyemkamata na Sani ndani ya daftari la hesabu nilimchapa mbili na gazeti nikataifisha. Nilipaswa kuzichoma. Jioni nikawa nazisoma kwanza ili nijue ubaya wake. Ubaya wenyewe sikuumaliza mpaka nikastaafu."

We acha tu! Wanafunzi wake wawili walikuwa pale pale kijiweni, watu wazima wenye watoto. Mmoja alisimama akadai gazeti lake.

Ndiyo nikapanda basi. Njia nzima, kupita Nduta, kupita Makere, nilikuwa napiga hesabu. 143 za mjomba, 31 za mwalimu. Nilijiona nimekuwa mlinzi wa hazina ya taifa. Sikujua kwamba hazina inatembezwa stendi kwenye sinia.

MWILAMVYA PANAWAKA

Nilifika kwa mkaza mjomba na karatasi yangu ya chumvi mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta karanga. Aliponiona akapiga makofi yale mepesi ya salamu za kwetu Uhani, uso umechanua.

"Karibu mwanangu! Umekula?"

Mimi bila hata kurudisha salamu vizuri: "Mama, umechana vitabu vya mjomba?"

Akasimamisha ungo. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Kaa chini," akasema.

Nikakaa.

"Mjomba wako alipofariki mwaka 2019 ulikuja msibani. Ulilia, ukala, ukapanda gari. Tangu siku hiyo umekuja leo. Nina wajukuu watatu. Karanga hazibebwi kwa mkono, na karatasi ya kufungia inauzwa kwa kilo kule sokoni. Hilo sanduku limekaa pale miaka yote na hakuna aliyeliulizia. Sasa limekuwa la mjomba wenu?"

Mpenzi msomaji, nilitafuta jibu nikalikosa. Nilichoweza ni kuangalia kuku.

Akaingia ndani, akarudi akiburuta lile sanduku la bati. Nikafungua moyo ukinidunda. Tukahesabu kwa daftari la mjomba. Zilizobaki ni 88. Nakala 55 zilikuwa zimekwenda na karanga.

Na chini kabisa, bila hata mkunjo, Eagle Annual imetulia kama bwana harusi.

"Hiki mbona hujakigusa?" nikauliza.

"Karatasi yake ngumu, haisokoteki. Inafunguka, karanga zinamwagika."

Nilicheka, lakini kicheko kilinikwama kooni. Kitabu cha Mzungu kimepona kwa sababu kilichapwa kwenye karatasi nzuri. Cha kwetu kilichapwa kwenye karatasi ya bei poa ili utingo aweze kukinunua, na wepesi huo huo ndio unaokimaliza. Kinaliwa na mchwa, kinaliwa na mvua, kinaliwa na karanga.

Nikasema, sasa kwa upole: "Mama, ungeanza basi na hizi za miaka ya karibuni. Hizi za zamani ndizo zenye thamani."

"Nilichagua," akasema.

"Ulichagua vipi?"

"Nimechana zile ninazozijua."

Sikuelewa. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaanza. Mwanamke huyu hakukanyaga darasa hata siku moja. Alipoolewa, mjomba akirudi safari alikuwa anamsomea Sani kwa kibatari, akimwonyesha kwa kidole maneno yanayotoka kwenye midomo ya akina Kipepe. Herufi ya kwanza aliyoijua ni S, kwa sababu ya jalada. Akazisoma polepole, moja moja, miaka na miaka, mpaka nyingine zikakaa kichwani nzima nzima. Njaa ilipobisha hodi, akaanza na hizo.

"Zile ambazo sijazimaliza sijazigusa," akasema. "Macho ndiyo yamenikatalia. Herufi zimekuwa kama siafu."

Kisha, palepale kwenye kigoda, akanisimulia ile ya Madenge niliyokuwa nimeishika. Kutoka picha ya kwanza. Nani amesimama wapi, amevaa nini, anasema nini, mbwa yuko upande gani. Nusu ya kichwa iliyokatwa na mkasi wake, yeye alikuwa nayo.

Nilitoa daftari nikaanza kuandika.

TULIVYOAFIKIANA

Nilikwenda Kasulu kuchukua sanduku. Sikurudi nalo. Nilipolitaja tu, mkaza mjomba aliweka mguu juu ya mfuniko. "Halitoki hapa. Hii ndiyo sauti ya mume wangu iliyobaki." Nami hapo nikaona aibu ya zile bodaboda mbili nilizokwisha kuzinunua kijiweni kwa pauni za watu.

Tulikubaliana hivi. Kila mwezi namletea magazeti ya kawaida yaliyokwisha kusomwa, ninayoyakusanya kwenye maduka ya Kibondo, ndiyo yafungie karanga. Sanduku halichanwi tena. Nikienda namsomea zile asizozimaliza. Na zile zilizokwenda, ananisimulia na mimi naandika na kuchora kadiri ya mkono wangu, ambao kwa kweli ni mbaya, Madenge wangu anafanana na mbuzi. Mwezi Januari nilimpeleka kupimwa macho, akapata miwani. Siku hiyo alisoma jalada zima kwa sauti, wajukuu wakamshangaa.

Mwalimu mstaafu naye kaleta daftari lake la mateka. Tumelinganisha na la mjomba: katika zile 55, yeye anazo 12. Amekubali zipigwe picha kwa simu, ila nakala zenyewe haachii. Anasema akifa zirudishwe kwa wanafunzi wake. Yule aliyedai gazeti lake amepewa tayari, mbele ya mashahidi, akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Nilimwona anafungua ukurasa pale pale alipokuwa amekamatiwa.

Thamani yake? Sijui kama yupo mtu atakayetoa hata laki kwa Sani ya mjomba wangu, na siku hizi sina haraka ya kujua. Waingereza wanalipa mamilioni kwa Dandy kwa sababu wazee wao walikuwa watoto siku moja na wanataka kuushika tena utoto wao. Sisi utoto wetu bado upo, ila uko kwenye sinia stendi. Ukiuona, ununue na karanga zake.

KAMA UNAZO, ZITUNZE HIVI

Kwa wewe mwenye nakala kuukuu chini ya uvungu, haya ndiyo tuliyojifunza kijiweni, mengine kwa kuumia.

Inua sanduku juu ya matofali, usiliache sakafuni wala lisiguse ukuta. Mchwa wa milima yetu hana hodi.

Usifunge gazeti kwenye mfuko wa nailoni likiwa na unyevu. Litaota ukungu kama mkate. Lianike kwanza kivulini, siyo juani, jua linakula rangi.

Ukurasa ukichanika usiubandike selotepu. Baada ya miaka inakuwa ya kahawia na inachukua na picha. Uache hivyo hivyo, weka karatasi nyeupe katikati.

Andika mwaka na mahali ulipoipata, lakini kwa penseli, pembeni kabisa. Mjomba alitumia peni, tumemsamehe. Bila yale maandishi yake nisingejua lolote pale stendi.

Fanya daftari. Na la mwisho, mwulize bibi au mama yako kabla hujaulizia sanduku. Huenda nakala unayoitafuta anayo, na haiko kwenye karatasi.

Haya, ngoja niishie hapa. Jumamosi hii nashuka tena Kasulu na kilo tatu za magazeti. Kama na gazeti hili ulilolishika limo kwenye mzigo huo, poa tu, lifungie karanga. Lakini ukimaliza kusoma!